Ekskaveta Iliyozimwa Bado Ina Nguvu

Ekskaveta ya cheni ya tani 20, ile tunayoiona ikichimba mitaro ya barabara na kupakia mchanga kwenye malori, haiishiwi nguvu injini inapozimwa. Bumu lililoachwa juu limeshikiliwa na oili peke yake. Ndani ya mipira ya haidroliki kuna presha iliyonaswa. Nyuma ya aidla, lile gurudumu kubwa la mbele linaloongoza cheni, kuna springi nene iliyobanwa pamoja na silinda iliyoshindiliwa grisi. Maji ya rejeta bado ni ya moto sana, oili ya gia imepata moto, na betri mbili zimeunganishwa kutoa volti 24. Fundi anaweza kukatika vidole, kuungua au kupondwa mashine ikiwa kimya kabisa. Kwa hiyo makala haya hayaanzi na oili wala filta. Yanaanza na namna ya kuitoa mashine nguvu hizo kabla spana haijagusa nati.

Kwanza mahali. Mashine ikiharibika tunazoea kuitengeneza palepale iliposimama, hata kama ni ukingoni mwa shimo au kwenye mteremko. Kama inaweza kutembea, itembezwe hadi kwenye ardhi tambarare na ngumu, mbali na ukuta wa udongo na nyaya za umeme. Bumu lishushwe, baketi ikae chini kabisa. Iache injini iungurume taratibu dakika 3 hadi 5 ili taboi, ambayo muda wote wa kazi ilikuwa ikizunguka kwa kasi kubwa mno, ipoe huku bado inapata oili. Ndipo uizime.

Sasa toa presha. Rudisha ufunguo kwenye nafasi ya ON bila kuwasha injini, fungua wenzo wa usalama ulio kushoto mwa kiti, kisha sukuma na kuvuta zile stiki mbili za mikono pande zote, mara kadhaa, pamoja na pedali za kutembelea. Mashine nyingi zina akyumuleta ndogo inayohifadhi presha kidogo baada ya injini kuzima, na ndiyo inayowezesha vali kufunguka. Usikawie kufanya hivi, maana presha hiyo ya akiba hupungua yenyewe kadiri muda unavyopita. Ukimaliza, rudisha wenzo wa usalama kwenye nafasi ya kufunga, chomoa ufunguo, shuka. Tangi la haidroliki nalo hukaa na hewa ya presha. Bonyeza kitufe cha kupumulia kilicho juu yake, au legeza kifuniko polepole, mpaka sauti ya hewa iishe.

Ufunguo ukae mfukoni mwa fundi anayefanya kazi. Usiachwe kwenye swichi wala kwa opereta, hata kama opereta huyo ni ndugu yako wa damu. Kwenye stiki ining'inizwe kadi kubwa: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Mkiwa mafundi wawili, kila mmoja aweke kadi yake, na mashine isiwashwe mpaka kila mwenye kadi ameitoa mwenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu ya vijana wetu wa kupaka grisi. Kijana yuko chini, kati ya cheni na fremu, haonekani kutoka kwenye kiti. Opereta anaitwa na bosi aisogeze mashine kidogo tu ili lori lipite, anapanda, anageuza ufunguo. Uzito wa nyuma wa ekskaveta ukizunguka haubakishi nafasi ya mtu kati yake na cheni.

Ikibidi kufanya kazi bumu likiwa juu, au upande mmoja wa mashine ukiwa umenyanyuliwa, uzito uhamie kwenye kitu kigumu. Mataruma ya mbao ngumu ndiyo bora, yakipangwa kwa kupishana. Tofali na blok za saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na jiwe huteleza. Silinda ya bumu yenye sili iliyochoka inaweza kushuka taratibu kiasi kwamba hakuna anayeona, na mpira ukipasuka bumu linaanguka mara moja.

Nije kwenye oili yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapopuuza. Presha ya juu ya haidroliki kwenye ekskaveta za daraja hili ni kama bar 350. Tairi la gari dogo hubeba bar 2 na kidogo. Mpira ukitoboka tundu dogo kama ncha ya sindano, oili hutoka kwa mstari mwembamba ambao kwenye jua kali unaweza usiuone kabisa. Unachoona ni dalili zake: vumbi lililolowa kwenye sehemu moja ya mpira, au ukungu mwepesi karibu na kiungo. Mkono wa mtu ukipita hapo, oili huingia ndani ya ngozi na kusambaa katikati ya nyama na mishipa ya vidole.

Jeraha lenyewe hudanganya. Ni kitone tu, pengine halitoi damu ya kuonekana, na saa ya kwanza linaweza lisiume sana. Mtu anajifuta kwa tambara, anaendelea na kazi, jioni mkono umevimba na kubadilika rangi. Kinachotakiwa ni upasuaji wa haraka wa kufungua na kusafisha, na kila saa inayopotea inaongeza uwezekano wa kukatwa kidole au mkono mzima. Basi aliyepigwa na oili ya presha apelekwe hospitali hapohapo, yenye daktari wa upasuaji, na anayempeleka aseme wazi kwamba oili ya mashine imeingizwa chini ya ngozi kwa presha, na ataje ni oili gani. Asikubali kufungwa bandeji na kurudishwa nyumbani. Usilikande jeraha, usilipake kitu.

Kutafuta uvujaji, tumia kipande cha boksi au ubao mrefu, vaa miwani, na upitishe boksi hilo kando ya mpira huku mkono wako uko mbali. Boksi likilowa au kutoboka, umepata. Zima mashine, toa presha kama tulivyoeleza, ndipo ulegeze kiungo. Injini mpya zenye mfumo wa komoni reli ni hatari zaidi upande wa dizeli: presha ya paipu za injekta inaweza kuzidi bar 1,600. Ule mtindo wa zamani wa kulegeza nati za injekta injini ikiwa inaunguruma ili kutoa hewa, usiufanye kwenye injini hizi. Hewa hutolewa kwa pampu ya mkono iliyo karibu na filta.

Mpira uliochubuka mpaka waya za ndani zinaonekana haufungwi kwa raba ya tairi. Unabadilishwa. Unapokwenda kuubana mwingine dukani, beba ule wa zamani na useme unatoka wapi kwenye mashine. Mpira wenye tabaka 2 za waya na ule wenye tabaka 4 hufanana kwa nje, na muuzaji atakupa wa bei rahisi usipouliza. Ule wa bumu unaobeba presha kubwa kwa kawaida huwa wa tabaka 4. Kabla ya kuufunga, ziba ncha zote kwa plastiki safi. Punje za mchanga zikiingia kwenye pampu kuu, utakuja kununua pampu.

Cheni nayo inataka heshima ya pekee. Ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya matengenezo ya mashine hii, na ndiyo yenye ile springi. Kukagua ulegevu wake kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuinyanyua cheni kwa bumu na kupima inavyoning'inia chini. Ya pili, ambayo mimi naipendelea pale kitabu cha mashine kinapoiruhusu, haihitaji kunyanyua kitu: unasogeza mashine taratibu kwenye ardhi tambarare, unaizima, unaweka ubao ulionyooka juu ya cheni kutoka kwenye aidla hadi rola ya juu, kisha unapima kwa rula nafasi kubwa kati ya ubao na cheni. Kwa Komatsu PC200, kwa mfano, nafasi hiyo inatakiwa iwe milimita 10 hadi 30. Mashine nyingine zina vipimo vyao, na njia ya kwanza ina namba zake tofauti kabisa, kwa hiyo usichanganye.

Cheni ikiwa imelegea, unaongeza grisi kupitia nipeli iliyo ndani ya tundu la pembeni mwa fremu. Hiyo ni kazi rahisi. Hatari iko kwenye kuilegeza cheni iliyokaza. Vali ya grisi inalegezwa polepole, isizidi mzunguko mmoja, huku umesimama pembeni, uso na kifua visielekee tundu. Grisi itaanza kutoka kando ya vali. Isipotoka, usiendelee kufungua. Funga, mwambie opereta aisogeze mashine mbele na nyuma kidogo, kisha ujaribu tena. Anayeendelea kufungua kwa hasira mpaka nyuzi ziishe, vali huruka kama risasi, na kuna mafundi waliouawa kwa namna hiyo. Nipeli yenyewe usiiguse kwa spana. Wala usichungulie ndani ya tundu kuona kuna nini.

Kama cheni inalegea tena siku mbili baada ya kujazwa grisi, sili ya silinda imekwisha. Kama umejaza mpaka mwisho na bado imelegea, pini na bushi zake zimelika. Kuitoa springi yenyewe kwenye kifaa chake ni kazi ya karakana yenye presi, kamwe isifanywe porini kwa nondo na nyundo.

Upande wa matunzo, adui mkubwa wa cheni ni udongo uliogandamana. Kwenye ardhi nyeusi ya mbuga, tope hujaza nafasi kati ya rola na sproketi, likikauka linakuwa gumu na cheni inakaza kupita kiasi bila mtu kuigusa. Kila jioni, kabla tope halijakauka, opereta achukue koleo alitoe. Ni nusu saa ya jasho, lakini rola zinazozunguka ni rola zinazodumu. Ile iliyokwama kwa tope inasuguliwa upande mmoja mpaka inakuwa bapa. Na mashine isitembezwe kilomita nyingi kwa cheni zake kukwepa gharama ya lobedi. Inapolazimika kutembea, sproketi iwe nyuma, na opereta akate kona pana.

Pini za baketi zina hatari yake ndogo inayosahaulika. Ni chuma kilichofanywa kuwa kigumu sana, na ukikigonga kwa nyundo ya chuma, vipande vidogo huruka kwa kasi. Jicho moja linatosha kwa somo hilo. Tumia kipande cha shaba kati ya nyundo na pini, vaa miwani, na wengine wasimame mbali. Unapolinganisha tundu la baketi na tundu la mkono, usitumbukize kidole kuhisi kama yamekaa sawa. Baketi ikisogea hata milimita chache, inakata kama mkasi. Tumia kipande cha nondo au angalia kwa tochi.

Huku kwetu baketi huchomelewa kila mara, meno yakilika au mdomo ukipasuka. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, ondoa waya hasi wa betri, na kama mashine ina kompyuta, fuata kitabu kuhusu kuchomoa plagi zake. Waya wa ardhi wa kuchomelea ubanwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye baketi ileile. Ukiubana kwenye fremu ya chini kwa sababu ndiko ulikofika, umeme utapita kwenye pini, kwenye silinda na kwenye beringi kubwa ya kuzungukia, ukiacha vidonda kwenye gololi za beringi na njia zake. Beringi hiyo ni ya bei mbaya.

Kwa oili na filta, kitabu cha mashine ndiyo sheria, lakini mpangilio wa jumla kwa ekskaveta nyingi za tani 20 unafanana. Oili ya injini na filta yake hubadilishwa kila saa 250 hadi 500 kulingana na injini na aina ya oili. Filta za dizeli saa 500. Grisi ya beringi ya kuzungukia saa 500, filta ya kurudishia haidroliki na oili ya gia ya kuzungukia saa 1,000, oili ya gia za kutembelea saa 2,000. Haidroliki yenyewe saa 2,000 hadi 5,000. Mashine inayotumia nyundo ya kuvunjia mawe ipunguziwe saa hizo za haidroliki na filta zake, maana mtetemo na joto huichosha oili haraka. Plagi ya gia za kutembelea ifunguliwe oili ikiwa imepoa, polepole, uso pembeni. Ndani yake hujengeka presha na oili ya moto inaweza kukurukia. Kifuniko cha rejeta nacho hivyohivyo. Wakati wa asubuhi angalia tu chupa ya akiba.

Kipimo cha haidroliki kinasomwa kwenye kioo cha tangi, mashine ikiwa imekaa katika mkao ulioandikwa kwenye kibandiko: mkono umenyooshwa au umekunjwa, baketi imefunguliwa au imefungwa. Kila kampuni ina mkao wake, na ukisoma katika mkao mwingine utaona oili imepungua wakati haijapungua, uongeze, kisha imwagike ikipata moto. Mashine nyingi zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa ni mitumba kutoka Japani na vibandiko vyake ni vya Kijapani. Ukinunua ya namna hiyo, tafuta kitabu cha modeli hiyohiyo kwa lugha unayoisoma kabla hujaipeleka saiti. Mita ya saa usiiamini. Badilisha oili zote na filta zote siku unayoipokea, andika saa zilizopo, na uhesabu kuanzia hapo.

Filta ya hewa ni ya kushughulikiwa kwa upole. Ile ya nje inaweza kupulizwa, kwa hewa ya presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, na fundi akiwa amevaa miwani na barakoa. Haigongwi kwenye cheni ili vumbi litoke. Karatasi yake hupasuka mahali usipopaona na vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye pistoni. Ipulize mbali na mashine, kisha iingizie taa ndani: mwanga ukipenya kwenye kitundu, itupe. Filta ya ndani haisafishwi, inabadilishwa. Na usiifungue filta kila siku kwa mazoea. Subiri alama ya vumbi ionyeshe, kwa sababu kila unapoifungua, vumbi kidogo huingia.

Dizeli ya mapipa inastahili maneno zaidi, kwa kuwa maji ndiyo yanayoua injekta za kisasa. Pipa la lita 200 likisimamishwa nje wakati wa mvua, maji hukaa juu ya mfuniko wake. Usiku pipa likipoa, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji hayo kupitia nyuzi za plagi, hata kama plagi imekazwa. Kwa hiyo mapipa yalazwe ubavu, chini ya turubai, plagi zake mbili zikiwa usawa mmoja kushoto na kulia ili zote zifunikwe na dizeli. Pipa lililosafirishwa litulie siku nzima kabla ya kuvutwa, na paipu ya kuvutia isiguse chini. Tangi la mashine lijazwe jioni, si asubuhi, ili usiku kusiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu kugeuka matone. Asubuhi fungua bomba la chini la kichujio cha maji, mwaga mpaka itoke dizeli safi. Wakati wa kujaza, injini izimwe na sigara ikae mbali.

Mashine za mashamba ya miwa na zile zinazosafisha vichaka zina hatari ya moto zaidi kuliko nyingine. Majani makavu hukusanyika chini ya injini na pembeni mwa taboi, oili inadondokea juu yake, na siku moja vinawaka. Fungua mifuniko ya chini uyatoe, kila siku wakati wa kiangazi. Kizimamoto kikae ndani ya kebini, kiwe kimekaguliwa, na opereta ajue kukitumia.

Sevisi ikiisha, hesabu zana na matambara yako yote. Filta za zamani na oili iliyomwagwa viingie kwenye pipa lake, visiachwe karibu na kisima cha watu. Kila fundi atoe kadi yake. Mashine iwashwe bila kupandisha mwendo, taa ya presha ya oili izime, kisha bumu, mkono na baketi vinyooshwe na kukunjwa taratibu mara kadhaa ili hewa itoke kwenye haidroliki. Izime tena, zunguka ukikagua kila kiungo ulichokigusa kwa boksi na tochi, na upime oili upya baada ya kutulia robo saa. Daftari la mashine liandikwe hapohapo: tarehe, saa za mita, kilichobadilishwa, namba ya filta, jina la fundi, na kile ulichokiona lakini hukukitengeneza, kama mpira unaoanza kuchubuka au bolti ya bati la cheni iliyolegea. Opereta wa zamu inayofuata aisome mistari hiyo kabla hajapanda.